Koki Nyekundu ya Katikati

4 Februari

Mdogo wangu Bwana Vipimo,

Habari za huko? Sisi huku wazima, ila goti la mama limeanza tena ubishi wake. Ukilikanda linatulia, ukilisahau siku moja linadai haki zake zote. Anakusalimu, na anauliza mapacha wako wameota meno mangapi. Anataka idadi kamili, si "mengi mengi" kama ulivyomjibu kwenye simu. Kwa mambo ya maana mimi simu nimeiacha, kwa sababu unanikatiza kila sentensi. Kwenye karatasi itabidi unisikilize mpaka mwisho.

Nina shida. Tangu nifungue chumba cha kufulia nyuma ya nyumba, mteja anayetulisha ni chuo cha wauguzi: magauni meupe sitini kila wiki. Sasa pampu mpya tuliyoweka kisimani inavuta maji ya chini kabisa, na maji ya chini yana kutu nyingi kuliko ya juu. Magauni yanaingia meupe, yanatoka rangi ya chai ya maziwa. Jumatatu Matroni wao alikuja mwenyewe na magauni kumi na moja mkononi. Akayatandaza mezani kwangu, moja moja. Halafu akaniuliza, "Dobi, mgonjwa akiona muuguzi ana gauni la kutu, atapona kweli?"

Nikamwambia nitarekebisha. Amenipa mpaka mahafali yao, Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Siku hiyo yasipokuwa meupe, anahamia kwa dobi wa mjini mwenye mashine tano. Mdogo wangu, chuo kikiondoka nafunga. Miaka tisa ya mikono yangu inaishia hapo, na wale wasichana wawili ninaofua nao sijui nitawaambia nini.

Muuza duka la vifaa ananishawishi ninunue kichujio chenye ukubwa wa chupa ya chai. Anasema kinatosha nyumba nzima, kinatoa kutu, vijidudu na harufu. Alibakiza kusema kinatoa na wivu. Nimwamini? Ndani ya bahasha kuna kipande cha shuka nilichofua mara nne kwa maji yetu. Kitazame uniambie.

Na unakuja lini? Huu ni mwaka wa sita tangu tumzike baba.

Dada yako


27 Februari

Shikamoo dada, Dobi Mkuu,

Meno ni manne kila mmoja, na la tano la Kulwa limechungulia juzi. Mwambie mama nimehesabu kwa kidole na nimeng'atwa. Mke wangu anawasalimu. Alipoona kipande chako mezani alidhani umenitumia kitambaa cha kuchujia chai, karibu akitie kwenye maji ya moto.

Hiyo chupa ya muuza duka usiiguse. Ni ya mtu anayeishi peke yake na anayefua soksi. Wewe una nyumba, jiko, bafu na magauni sitini. Lakini pia sitakuchagulia kichujio kwa kubahatisha, maana mganga anayetoa dawa kabla ya kupima ni tapeli tu mwenye koti. Kwa hiyo nifanyie mambo haya. Fungua bomba la kufulia mpaka mwisho, kinga ndoo ya lita ishirini, uhesabu sekunde inazojaa. Kisha chota maji kwenye kikombe cheupe, yaache usiku kucha, asubuhi uniandikie rangi yake. Kama yalichotwa safi yakageuka yenyewe, basi chuma kimeyeyuka ndani ya maji, na kitambaa cha kawaida hakiwezi kukikamata hata ukikunje mara mia. Mwisho peleka chupa moja maabara ya maji. Waombe wapime chuma na vijidudu, usikubali wakupimie kwa macho.

Ukiandika, usinipe "kidogo" wala "kiasi". Nipe namba.

Kazini kwetu shughuli ni nyingi, tumefungua matangi mawili mapya. Msalimie mama sana.

Mdogo wako


25 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. La tano la Kulwa limemfurahisha mama kuliko barua nzima. Sasa anauliza la Doto.

Nimeona ulivyolikwepa swali langu la kuja. Haya, matangi mawili mapya. Tuyaache.

Namba zako hizi hapa. Ndoo inajaa kwa sekunde arobaini na nane. Nilipima mara tatu, na wasichana walinicheka mara tatu. Kikombe: jioni maji yalikuwa safi kama machozi, asubuhi rangi ya majani ya chai yaliyosahaulika, na chini vumbi la kahawia. Maabara wanasema chuma ni mara sita ya kiasi kinachofaa kufulia nguo nyeupe. Vijidudu hakuna, hata kimoja. Karatasi yao nimeinakili nyuma ya barua hii.

Jambo dogo tu. Nilipokuwa namsomea mama majibu ya maabara, aliuliza, "Nani kasema maji ya baba yenu machafu?" Nikamwambia hakuna aliyesema, mama, ni chuma tu. Akasema, "Baba yenu alichimba viangazi viwili, kwa mikono yake hii," akanionyesha mikono yake mwenyewe. Kisha akaomba mafuta ya goti. Nimeona nikuambie, si kwamba kuna neno.

Matroni ameleta magauni ya wiki hii. Aliyahesabu kwa kidole, akaondoka. Afadhali angenigombeza.

Dada


20 Aprili

Shikamoo dada,

La Doto limetoka, tena kwa kelele. Mke wangu anaomba usiku mmoja wa usingizi kamili kama zawadi ya mwaka.

Umepima vizuri kuliko vijana wangu wa kazini. Sasa sikiliza. Unahitaji vyombo viwili. Cha kwanza ni kichujio cha mchanga na takataka, kile ambacho ndani yake kuna uzi mweupe uliosokotwa mfano wa gunzi la hindi. Kinakaa mbele. Nyuma yake ndiyo kazi yenyewe: mtungi mrefu unaokufika kifuani, umejaa mchanga maalumu unaokamata chuma. Mtungi huo hauna ubishi ila una masharti. Kila siku ya tatu unayapitisha maji kinyumenyume kwa dakika kumi ili uteme uchafu wake. Usipofanya hivyo utajaa, na utakuchafulia nguo kuliko kisima. Maji unayotema peleka bustanini. Wakikuletea chombo cha tatu chenye mkaa, kikatae. Mkaa ni wa harufu, na maji yetu hayanuki.

Gunzi ulibadilishe kila baada ya miezi miwili. Andika tarehe ukutani kwa chaki, usitegemee kichwa. Na kabla ya kutupa, kata uzi wa nje urefu wa kidole, unitumie kwenye bahasha. Nikiuona uzi nitajua yaliyopita ndani yake.

Jambo la mwisho, na hili usilegeze kamba. Mwambie fundi aweke koki tatu: ya kuingia, ya kutoka, na ya katikati, ambayo ikifunguliwa maji yanapita pembeni bila kuingia kwenye vichujio. Bila hiyo, siku ya kubadilisha gunzi nyumba nzima inakauka. Fundi atakwambia ni kupoteza bomba. Ng'ang'ana. Ile ya katikati aipake rangi nyekundu, ikae imefungwa siku zote.

Mdogo wako


16 Juni

Bwana Vipimo wangu,

Kwanza furaha, mengine baadaye. Vyombo vyako vimefungwa tarehe kumi na tano Mei. Aliyefunga ni yule fundi tunayemwita Kimya, kwa sababu hajawahi kumaliza sentensi. Nilipomwambia koki tatu akainua vidole vitatu, akasema, "Tatu?" Nikasema tatu. Akaziweka. Nyekundu ameipaka vizuri mpaka inapendeza.

Siku ya kwanza nilifua gauni moja tu, la kujaribia. Nililianika nikakaa mbele yake kwenye kindoo. Lilipokauka nililia, nakuambia kweli. Wasichana wakadhani nimepokea habari mbaya. Jumatatu Matroni aliligeuza gauni nje ndani, ndani nje, akasema, "Sasa tunaongea." Kwake yeye hiyo ni hotuba.

Sasa mengine. Wiki ya tatu kutu imerudi. Na imerudi kwa ajabu: ninachofua asubuhi kinatoka na madoa, ninachofua jioni kinatoka cheupe pe. Maji ni yale yale, sabuni ni ile ile. Mtungi nautemesha kila siku ya tatu, chaki imejaa ukutani. Nimekata uzi wa gunzi kabla ya wakati ili uuone. Matroni amerudisha magauni manne, na safari hii hakuyatandaza, aliyaacha mlangoni.

Mama hajambo. Amekuwa mwepesi siku hizi, anaamka kabla yangu na kuzunguka uani na fimbo yake. Naona mafuta ya goti yanafanya kazi.

Dada


5 Julai

Shikamoo dada,

Wote wazima, salamu baadaye, leo nina hasira.

Uzi wako umefika. Umeshika rangi kidogo tu! Kwa maji yenye chuma na mchanga kama yetu, gunzi la mwezi mzima lilipaswa kuwa rangi ya tofali. Uzi hausemi uongo. Ama muuza duka amekupa vyombo ambavyo maji yanapita bila kushikwa, ama kuna ujanja mwingine. Nipe jina la duka kamili. Nitamwandikia barua ambayo ataiweka kwenye fremu, na nakala nitaipeleka kwa chama cha wafanyabiashara wa huko. Aje ang'oe takataka yake na arudishe kila ulichompa. Watu wanachezea riziki ya dada yangu!

Lakini kabla sijaandika, nenda ukatazame koki tatu. Zitazame asubuhi mapema na uzitazame jioni, siku tatu mfululizo. Uniandikie ulichoona.

Fanya haraka, Septemba haingoji.

Mdogo wako


9 Agosti

Mdogo wangu,

Natumaini mapacha hawajambo na mama yao amepata huo usingizi. Huku mvua ndogo imepita, bustani inapenda maji ya mtungi wako kuliko mvua yenyewe. Jirani wa kushoto amepaka nyumba yake rangi ya kijani, anadhani ni nzuri. Yule mkubwa wa wasichana ninaofua nao amechumbiwa. Matroni anaumwa mafua.

Unaona nazunguka. Barua yako niliipata tarehe kumi Julai, na jibu nilikuwa nalo tarehe kumi na moja. Usimwandikie muuza duka. Mtu wa watu hana kosa.

Ni mama.

Alfajiri ile nilikuwa nimesimama mlango wa chumba cha kufulia. Mama akaja na fimbo na birika. Akaisogelea koki nyekundu, akaifungua kwa mikono miwili, akaenda bombani akajaza birika, akajaza na mtungi wake wa kunywea. Halafu akarudi ndani. Koki akaiacha wazi.

Nikamfuata jikoni. "Mama, unafanya nini?"

"Nachota maji ya chai."

"Na ile koki?"

"Maji yenu mapya hayana ladha, mwanangu. Chai haishiki rangi. Naweka majani vijiko vitatu, bado nakunywa maji ya moto."

"Ungeniambia. Na mbona hufungi ukimaliza?"

"Nafunga nikikumbuka." Anakumbuka saa nane, akiamka usingizi wa mchana.

Nikamwambia habari ya magauni, ya Matroni na ya Septemba. Alinisikiliza mpaka mwisho, wala si kwamba hajali, machozi yalimlengalenga. Kisha akasema, "Haya maji yalishatukanwa mara moja ndani ya nyumba hii. Baba yako alikaa kimya. Mimi sitaongeza la pili." Nikamuuliza yalitukanwa na nani. Akasema muulize mdogo wako.

Nakuuliza, basi.

Ningeweza kuing'oa ile koki na mama asingeweza kunizuia. Nimeshika spana mara mbili nikairudisha. Ananiangalia anywapo chai yake, mdogo wangu, na anakunywa kama mtu anayezungumza na mwenzake. Sasa hivi nafua jioni tu, lakini jioni haitoshi magauni sitini, na ya mahafali yataletwa yote kwa siku mbili. Nikimfungia mama, namvunja moyo. Nisipomfungia, nafunga kazi. Wewe ndiye mwenye vipimo. Nipimie hili.

Dada


12 Septemba

Shikamoo dada yangu,

Nimekaa na barua yako mwezi mzima. Niliandika majibu manne nikayachana, la kwanza lilikuwa na michoro tu.

Ni mimi niliyeyatukana. Wewe ulikuwa umeolewa, hukuwepo. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, cheti changu cha kwanza bado kinanuka wino, na kisanduku cha kupimia maji nimeazima chuoni. Baba alikuwa na wageni, wale mafundi wenzake wa useremala. Akawaambia, "Mwanangu atawaonyesha jinsi kisima changu kilivyo." Alikuwa anajivuna kwa ajili yangu. Nikapima mbele yao, nikasema kwa sauti, "Baba, maji haya hayafai hata kuoshea baiskeli." Wageni wakacheka. Baba akacheka pia, kidogo, akainuka akaenda kumwagilia miche yake. Hakulitaja tena maisha yake yote, na mimi sikuomba radhi, nikijiambia namba ni namba. Nilipokuja kumzika niliona aibu hata kunawa pale bombani. Hayo ndiyo matangi mawili mapya, dada. Hakuna tangi lililonizuia.

Na namba zenyewe nilizisoma vibaya kwa makusudi. Chuma kile hakidhuru mtu. Kinachafua nguo nyeupe na kinaipa chai rangi nzito, basi. Mama hakosei hata kidogo: majani ya chai yakikutana na chuma yanakuwa meusi, yasipokutana nacho yanafifia. Ulimi wake umepima sawasawa na maabara. Nilijua hayo hata siku ile, ila nilitaka wageni wanione.

Dawa ni rahisi mpaka nacheka. Kwenye bomba la kisima, kabla ya vichujio, unatoa tawi moja na kuweka bomba la mama jikoni, lake peke yake, maji ya baba yasiyoguswa. Vijidudu havimo, na chai inachemshwa. Baada ya hapo koki nyekundu inavuliwa mpini, unautunza wewe kwa siku za kubadilisha gunzi. Nusu siku ya kazi.

Usimwite Kimya. Nimeomba likizo. Nitafika tarehe kumi na tisa na bomba langu mkononi, ili upate siku za kutosha kabla ya magauni. Usimwambie mama nakuja kufanya nini. Mwambie tu nakuja.

Mdogo wako


7 Oktoba

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini ulifika salama na watoto walikukumbuka. Nyumba imepoa tangu uondoke. Hata jirani wa kijani ameuliza yule bwana aliyekuwa akiimba vibaya chini ya sinki yuko wapi.

Mahafali yalikwenda. Uliondoka Alhamisi, Ijumaa tukaanika sitini na mbili, kamba zikaisha, tukafunga na za viatu. Nilialikwa, nikakaa nyuma. Walipoingia kwa mstari niliwatazama mabegani na kwenye pindo tu, sikuona hata sura moja. Hakuna doa. Matroni alinipita akielekea jukwaani, akainama akaniambia, "Mwakani wanafunzi ni themanini. Utaweza?" Nimewapa wasichana likizo ya siku mbili na nimelala mchana kama mama.

Mama anakunywa chai yake nyeusi na kuwaonyesha wageni bomba lake. Anawaambia, "Hili kaniwekea mwanangu." Ile siku mliyokaa jikoni mlango ukiwa umefungwa sijakuuliza mlichosema, na sitauliza.

Lakini hili hulijui. Jana alikuja chumba cha kufulia, akasimama karibu na mtungi wako mrefu. Alikuwa amebeba shati jeupe la baba, lile la mikono mirefu, na kutu ya kisima imetambaa kola nzima. Akaniuliza, "Haya maji yenu yanaweza?" Nilitoa madoa kwa ndimu na chumvi juani, kisha nikasuuza kwa maji ya mtungi mara nne, mama akihesabu. Lilipokauka alilipiga pasi mwenyewe, hakukubali nilishike.

Ndilo hilo ndani ya kifurushi. Amesema alilificha miaka sita kwa sababu hakutaka kukupa likiwa na madoa, usije ukafikiri anakusuta. Amesema ulivae kazini, usiliweke la sikukuu, na likichafuka usimpe mkeo, ulifue mwenyewe.

Dada yako